Chini ya Madigadi ni Mzigo

Mtu akikuruka ukiwa umelala, hutakua tena. Utabaki na kimo kile kile mpaka siku ya kiyama, utaota ndevu ukiwa na urefu wa mbuzi, na dawa yake ni moja tu: aliyekuruka arudi, apite juu yako kwa njia ile ile aliyojia, kama mtu anayechomoa uzi kwenye sindano. Hiyo tuliita kumrudia mtu. Niliyasikia maneno haya nikiwa na miaka sita, hapa Isiolo, nyuma ya duka la mama yake Kimathi, na nikayaamini kuliko nilivyoamini kwamba jua litachomoza kesho. Kimathi alikuwa rafiki yangu, alinizidi mwaka mmoja, na alikuwa na ushahidi. Sokoni kulikuwa na bwana mmoja mfupi sana aliyeuza kamba, na Kimathi aliwajua kwa majina watu wote waliomruka bwana yule utotoni wakasahau kumrudia. Mimi nimemaliza kidato cha nne katika shule ya usiku, nikiwa na ndevu na watoto wawili. Nimekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu hadi magoti yakagusa masikio, nimesoma biolojia mpaka nikaota mifupa ikiniita kwa jina. Lakini hata leo hakuna mtu anayenipita juu nikiwa nimejilaza. Nitawaeleza kwa nini.

Mambo yote haya yananuka magunia ya viazi. Ni harufu ya udongo mweusi uliokauka, katani na dizeli, na nikiipata mahali popote, hata leo, nasimama kama punda aliyeona maji. Ilikuwa harufu ya lori la Adeer Yusuf. Adeer ni baba mdogo kwa Kisomali. Sisi ni Waborana na yeye alikuwa Msomali wa zile familia za askari wa zamani wa Mwingereza waliopewa makazi hapa, lakini mtaa wetu wote wa Bulapesa ulimwita hivyo. Lori lake lilikuwa la rangi ya buluu, na lilikuwa kuukuu kiasi kwamba ningeapa Nabii Nuhu ndiye aliyeliuza baada ya maji kukauka. Kila wiki lilipanda Meru likiwa tupu na kurudi limejaa viazi na ndizi. Kwa kuwa lilikwenda tupu, mara moja kila mwezi Adeer alimpa Mama nafasi, na Mama alituchukua mimi na dada yangu Halima, niliyemzidi mwaka mmoja na nusu. Baba alikuwa na ngamia upande wa Sericho na tulimwona mvua zikipenda. Kwa hiyo safari zote za nyumba yetu alizipanga Mama, na Mama alikuwa na jina moja tu la safari hiyo. Aliiita matembezi.

Siku hizi watu wanasoma kwenye simu jinsi ya kusafiri na watoto wadogo bila kufilisika. Mama yangu angewafundisha wote na wakabaki na deni la shukrani. Siku mbili kabla ya safari alikuwa ameshachemsha mayai, amekunja chapati kwenye kitambaa, amesafisha chupa ya chai, amejaza jerikeni ndogo ya maji na kushona matundu ya sweta zetu, kwa maana kule juu baridi ilikuwa ya kugandisha machozi kabla hayajafika kidevuni. Asubuhi alitulisha ugali mpaka hatuwezi kuinama kufunga viatu, ili tukifika sokoni tutazame tu, tusiombe. Alituambia, "Leo mko na macho tu. Mdomo wacheni nyumbani." Lakini jambo kubwa lilikuwa kiti. Kwenye kibini ya lori palikuwa na nafasi ya Adeer na ya mtu mmoja mwingine, na polisi wa kizuizi cha barabarani hawakutaka kuona mtu wa tatu. Kwa hiyo Adeer alitunga sheria. Kila tulipofika alitusimamisha kando ya tairi la mbele, akaweka kiganja chake juu ya vichwa vyetu, akakisukuma taratibu mpaka kwenye madigadi, lile bati linalofunika tairi. Kiganja kikigonga chini ya ukingo wa bati, alipaza sauti mtaa mzima usikie: "Chini ya madigadi ni mzigo! Juu ya madigadi ni abiria! Mama Galgalo, mzigo yako iko ngapi leo?" Galgalo ni mimi. Mama alijibu kwamba iko miwili, Adeer akatubeba mmoja mmoja kama magunia, akatutupa kibini, nasi tukacheka mpaka tukapaliwa.

Meru ilikuwa peponi. Huku kwetu tuliziona nyasi kama tunavyowaona wageni, na kule zilikuwa zinamea juu ya mawe, juu ya paa, karibu zimee juu ya ng'ombe wenyewe. Lori lilipanda likinguruma, masikio yakaziba, na Halima akanishika mkono tangu tulipoondoka Isiolo hadi tulipofika, kila safari, kwa nguvu kiasi kwamba naweza kuwaonyesha alama. Tukifika, mimi nilibaki sokoni na Adeer nikihesabu magunia na kula ndizi aliyonipa, na Mama aliondoka na Halima. Alisema wanakwenda kusalimia watu. Sikuwahi kuuliza ni watu gani. Walikaa saa nyingi, na Halima alirudi na peremende moja na kipande cha pamba kilichobandikwa mkononi, ananuka spiriti. Niliona wivu wa pamba ile. Siku moja nikamuuliza hao watu wanamfanya nini, akanijibu kwa maringo, "Wanaweka kitu baridi hapa kwa kifua. Wanasikiza redio yangu." Nikakasirika wiki nzima kwamba mimi sina redio. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yangu. Alikuwa akikimbia hatua kumi anachuchumaa, mikono amezungushia magoti, nami nikamwita mvivu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, nami nikadhani ni zambarau zenyewe, kwamba anazila kule Meru na haniletei.

Kisha mvua kubwa ikapita na mimi nikapita madigadi. Nilikuwa na miaka saba. Kiganja cha Adeer kiliteleza juu ya bati bila kugonga kitu, akanitazama, akamtazama Mama, akasema kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, "Huyu sasa ni abiria. Abiria anataka kiti, na kiti hakuna." Nililia kwa kelele ambayo nina hakika ilisikika Oldonyiro na kuchanganya soko la mifugo. Nikaachwa nyumbani na Akko, nyanya yetu. Kutoka mlangoni nilimwona Halima kwenye dirisha la kibini, mkono wake ukishika ukingo wa kioo badala ya mkono wangu.

Nilikwenda kwa Kimathi kutafuta dawa, akanikumbusha: nirukwe. Nikajilaza kila mahali. Nilimlazimisha Akko anivuke akienda kutawadha, akanipiga na birika. Mbuzi wetu mweupe aliniruka mara nyingi, nikaendelea kukua kama mathenge, ule mti wa miiba usiokomeshwa hata kwa shoka. Kimathi alichunguza jambo hilo kwa makini, akasema mbuzi hahesabiki, tena mimi nilikuwa nimechelewa, mwili umeshashika mwendo. "Anarukwa mtu mdogo. Na anayeruka awe wa tumbo moja na yeye. Ndio inashika."

Alasiri moja nilikuwa nimekaa na Halima kwenye mkeka ndani ya kibanda cha makuti makavu tulichokitumia kama jiko. Alikuwa ametoka matembezini siku iliyopita, na hakuwa amezungumza sana tangu arudi.

"Na mimi nitapita madigadi?" akaniuliza.

"Wewe bado. Umebakisha vidole vinne hivi."

"Nikipita, Mama ataenda na nani?"

"Hataenda. Matembezi imeisha."

Akafikiri. Halima alipofikiri alikunja pua kana kwamba mawazo yananuka. "Sasa wale watu watasikiza redio ya nani?"

Nikamweleza ya Kimathi, yote, pamoja na yule bwana wa kamba. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akajilaza chali katikati ya mkeka, akanyoosha miguu, akafumba macho kama mtu anayesubiri kupakwa wanja.

"Basi niruke."

"Na nisirudi?"

"Usirudi."

Nikamruka. Nikazunguka upande wa miguu yake, mbali kabisa, nikiuparuza mgongo ukutani, nisije nikamrudia kwa bahati mbaya, nikamruka tena kutoka upande ule ule. Mara tatu. Mara ya tatu alifumbua jicho moja, akatabasamu na midomo yake ya zambarau. Tukaapa kutomwambia mtu.

Na ikashika. Hilo ndilo jambo la kutisha, ndugu zangu, ilishika. Mwezi wa kwanza kiganja cha Adeer kiligonga chini ya madigadi, wa pili kikagonga, wa sita kikagonga mahali pale pale. Nilikuwa nawasindikiza hadi kwenye lori ili nione kazi yangu, nimetoa kifua kama fundi aliyejenga msikiti. "Huyu mzigo haiongezeki!" Adeer alisema. "Kilo ni ile ile! Mama Galgalo, unamlisha hewa?" Nikacheka mpaka nikashika tumbo. Mama hakucheka. Adeer naye, alipoona Mama hacheki, alimbeba Halima akamweka kitini polepole, kama mtu anayepanga mayai.

Kilichonizindua ni gauni. Idi ilifika na Akko akalitoa gauni la Halima la Idi iliyotangulia, la njano, lenye vifungo vya lulu za uongo. Likamwenea. Akko akalivuta huku na huku akitafuta mahali lilipobana, hakupapata. Likamwenea kama siku liliponunuliwa. Siku ile ile dada mdogo wa Kimathi, ambaye tulimjua akiwa anatambaa, alipita mlangoni kwetu akiwa amemzidi Halima kichwa kizima. Nilikuwa nimetaka tu asivimalize vile vidole vinne. Nilidhani akishachoka na matembezi nitamrudia na atakua, kama kufungulia bomba. Nikakimbia kwa Kimathi nikamuuliza namna ya kumrudia mtu aliyerukwa zamani. Akatazama jua, akasema, "Ni siku ile ile tu. Jua likizama, imefungwa."

Sikumsikiza. Kila mchana Halima alipolala, na sasa alilala sana, niliingia nikamrudia. Nilimrudia kutoka kila upande, kwa mguu wa kulia, kwa wa kushoto, macho wazi, macho yamefumbwa, nikisoma aya mbili tatu nilizozijua kutoka madrasa. Siku moja akaamka mguu wangu ukiwa hewani juu ya kifua chake.

"Unafanya nini?"

"Nakurudia."

Akaniangalia kwa hasira. Alihema kidogo kabla ya kupata maneno. "Mimi sitaki. Nitapita madigadi."

Safari ya mwisho ilikuwa wakati wa kiangazi kikali, ule mwaka ambao hata mizoga ilikuwa imekonda. Mama alipanga kama kawaida yake, mayai, chapati, chai, sweta. Halima hakutembea hadi kwenye lori, alibebwa na Mama, na Adeer hakuweka kiganja wala hakutaja madigadi. Nilisimama kando ya tairi. Nilitaka kumwambia Mama. Lakini lori likawaka, na lori lile likiwaka usingesikia hata tarumbeta ya Israfil.

Lilirudi siku iliyofuata, kabla ya alasiri, na likarudi tupu. Sikuwa nimewahi kuliona likirudi tupu. Lilikuja polepole, bila ile kelele ya magunia kusugua mbao, na nikaelewa kwa masikio kabla ya macho. Mama alikuwa kibini na kitu mapajani, kimefungwa shuka. Adeer alishuka, akazunguka, akafungua mlango, akakipokea mikononi. Hakuita mzigo. Alipita mbele yangu, na ndevu zake zilikuwa zimelowa.

Wanawake walimlaza chumbani kwa Akko kabla ya kumwosha. Nikajipenyeza hadi mlangoni. Nilikuwa na hesabu yangu: jua lilikuwa bado halijazama. Nilihitaji hatua moja tu, ndefu. Akko alinishika shingo.

"Unaenda wapi?"

"Nataka kumrudia. Mara moja tu, Akko. Mara moja."

"Harudi, mwanangu," alisema, akidhani amenielewa. "Hakuna wa kumrudia." Akanivuta mapajani, mimi niliyekuwa juu ya madigadi kwa kichwa kizima, akanipakata kama mtoto mchanga. Tulimzika kabla ya Magharibi. Kaburi lilikuwa fupi. Nililitazama nikajua ni mimi niliyelipima.

Baada ya hapo nyumbani kwetu jina lake lilikaa bila kutajwa, na mimi nikawa mcheshi. Mtu anayechekesha haulizwi maswali. Niliacha shule darasa la saba nikawa tanboi, yaani utingo, kwenye lori lile lile, na kila asubuhi nilipopima upepo wa tairi la mbele sikuinua macho hadi kwenye bati. Nikaoa, nikapata watoto, nikaingia shule ya usiku. Siku mwalimu alipochora moyo ubaoni na vyumba vyake vinne, akaeleza damu inavyopita na inavyoweza kupita njia isiyo yake, niliandika kila neno. Kichwa kikaelewa. Tumbo likasema: ndiyo, lakini kabla hujamruka alikuwa akikua. Ningeweza kumuuliza Mama. Lakini kuuliza kungekuwa kukiri, na yeye ndiye mama yake.

Mwezi uliopita nilipanga kuwapeleka wanangu Meru, siku moja, kwenda na kurudi. Dunia imebadilika. Sasa lami inapita hapa ikiendelea hadi Moyale, Adeer Yusuf ametangulia mbele ya haki, na mimi nimeazima gari la shemeji ambalo halinuki viazi. Lakini mayai niliyachemsha, na chapati zikakunjwa kwenye kitambaa. Mama, ambaye anaishi nasi, alikaa kwenye kiti chake akipekua sweta za wajukuu kutafuta matundu. Binti yangu Shamsa, mwenye miaka mitano, alikuwa amejilaza mkekani akitazama katuni. Kaka yake akatoka chumbani mbio na jerikeni mkononi, akamruka.

"Mrudie!" Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Mrudie sasa hivi! Rudi ulikotoka!" Nilikuwa nimemshika mtoto bega, namtikisa. Akamrudia dada yake, analia. Shamsa naye akalia kwa kumsaidia. Mama akaweka sweta chini.

"Galgalo. Ni nini?"

Nikajaribu mzaha. Haukutoka. Kilichotoka ni yale mengine yote, ya mkeka, ya mara tatu, ya kuzunguka upande wa miguu, ya gauni la njano, nikiwa nimechuchumaa mbele yake, mtu mzima mwenye mvi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni nani alikuambia hiyo maneno ya kuruka?"

"Kimathi."

"Kimathi huyu wa duka la simiti? Mwenye kitambi?"

"Huyo."

"Na umeibeba hii miaka yote." Akalichukua sweta tena, akatia kidole kwenye tundu alilokuwa ameliona. Aliponena tena, alinena kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Ile haikuwa matembezi. Ilikuwa kliniki, tangu safari ya kwanza. Wewe nilikuwa nakuchukua ndio yeye asiogope. Halafu ikafika mahali akahitaji kiti alale, ndio Adeer akakuambia umekuwa abiria. Halima alizaliwa na tundu kwa moyo. Watoto wa hivyo hawakui. Siku daktari aliniambia, alikuwa wa siku arobaini, na wewe nilikuwa nimekuacha na Akko. Ulikuwa hujajua kuruka. Hata hiki kizingiti ulikuwa unakivuka kwa magoti."